SOMO: Kunyanyua pikapu ya zamani ukiwa nyumbani, hatua kwa hatua

Wakuu, swali la "nimepata springi ndefu, nianzie wapi?" nimelijibu mpaka nimechoka. Naliandika hapa mara moja. Kuanzia leo anayeuliza ataelekezwa huku.

Somo hili ni la pikapu zenye ekseli nzima (mhimili mmoja kutoka tairi hadi tairi) na springi za majani mbele na nyuma, kama Toyota Hilux 4x4 za aina ya LN106 na ndugu zake. Kiwango ninachozungumzia ni sentimita 5. Zaidi ya hapo unaingia kwenye kukata na kuchomelea, na hiyo si kazi ya kufanyia uani.

Kitu kimoja kabla hujatoa hela: springi ndefu hazinyanyui difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli). Difu iko kwenye ekseli, ekseli imeshikwa na tairi. Kinachoinua difu kutoka chini ni tairi kubwa, basi. Springi zinainua chasisi na bodi, zinakupa nafasi ya kuweka hiyo tairi kubwa na kukuondolea tabu ya kusugua bampa kwenye makorongo. Kama shida yako ni difu kugonga mawe, bado hujapata dawa.

La pili, na ndiyo sababu hasa ya somo hili: kufunga springi ni robo ya kazi. Robo tatu ni vitu vyote vinavyounganisha ekseli na chasisi, ambavyo kiwandani vilipimwa kwa urefu wa zamani. Watu wanafunga springi, wanapiga picha, wanaondoka. Halafu hosi ya breki inakatika.

Hatua ya 1. Pima. Gari likiwa tupu, sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Andika.

Hatua ya 2. Jana yake, mwagia nati na pini zote (zile bolti zinazoshika ncha za springi) mafuta ya kulainisha kutu. Rudia usiku.

Hatua ya 3. Anza na nyuma. Weka vigingi kwenye tairi za mbele, piga jeki, kalisha chasisi kwenye stendi za chuma. Jeki ibaki chini ya difu kwa ajili ya kupandisha na kushusha ekseli tu. Matofali si stendi. Sitarudia.

Hatua ya 4. Kabla ekseli haijashuka, achia vyote vinavyoweza kuvutwa: vishikizo vya hosi ya breki, waya wa hendibreki, bomba la pumzi la difu, na ule mkono wa vali ya breki kama unao (nitaurudia). Toa shokapu.

Hatua ya 5. Fungua yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) upande mmoja tu. Upande wa pili ubaki umefungwa ili ekseli isizunguke. Nati ikigoma, kata yubolti, maana huzirudishi hata hivyo.

Hatua ya 6. Toa pini. Kwenye gari la zamani hapa ndipo siku inapoishia. Pini inashikana kwa kutu na ule mrija wa chuma ulio ndani ya bushi (mpira uliomo kwenye jicho la springi), na ukizungusha bolti unazungusha mpira mzima. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ndipo ugonge, usije ukaponda nyuzi. Ikikataa, kata pini pande zote mbili za springi. Moto ni chaguo la mwisho: bushi itashika moto na itatoa moshi mchafu, na hosi ya breki na bomba la mafuta haviko mbali. Pini zikitoka, safisha vile vishikio vya chasisi kwa brashi ya waya na utazame vizuri kama kuna ufa. Ukiona ufa, kazi imesimama, tafuta mchomeleaji anayejua chasisi.

Hatua ya 7. Weka springi mpya, pitisha pini, nati zishikwe kwa mkono tu. KWA MKONO.

Hatua ya 8. Pandisha ekseli taratibu mpaka kichwa cha senta bolti (ile inayoshika majani ya springi katikati) kiingie kwenye tundu lake. Kisipoingia vizuri ekseli itakaa upande na gari litatembea kama kaa. Angalia kwa tochi, usiamini sauti ya "tak".

Hatua ya 9. Yubolti mpya. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, nyuzi zinazotokeza ziwe sawa pande zote. Mwisho kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako.

Hatua ya 10. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo soma polepole. Pini za springi na za shakoli (vile vibao viwili vinavyoning'iniza ncha moja ya springi) hazikazwi gari likiwa hewani. Unarudisha tairi, unashusha gari mpaka chini, unasimama kwenye bampa na kulitikisa mara kadhaa, ndipo unalala chini na kukaza. Sababu ni hii. Bushi ya mpira haizunguki juu ya pini. Ukikaza, ule mrija wa ndani unabanwa na kuwa kitu kimoja na kishikio, na kuanzia hapo springi ikicheza ni mpira unaojikunja. Ukikaza springi ikiwa imening'inia, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Gari likishuka, mpira unakaa umekunjwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Matokeo: gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa, linakuwa gumu kama toroli, linalia kwenye kila tuta, na bushi mpya zinachanika mapema. Watu wanalaumu springi. Springi haina kosa. Kumbuka kwamba unaingia chini ya gari lililosimama kwenye tairi zake: hendibreki juu, vigingi vikae, injini imezimwa.

Hatua ya 11. Mbele, rudia yote. Ongeza jambo moja: usukani utakaa upande, kwa sababu fimbo inayotoka gia boksi ya usukani kwenda kwenye gurudumu imebadilika pembe. Rekebisha urefu wa fimbo hiyo, usichomoe usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka.

Hatua ya 12. Kabla ya shokapu kurudi, ning'iniza ekseli mpaka mwisho na ukunje usukani wote kushoto, wote kulia. Shika kila hosi ya breki kwa mkono. Ikiwa imekaza kama uzi wa gitaa, ni fupi: weka ndefu, au shusha kishikio chake. Bomba la pumzi la difu nalo lifuate. Shokapu ziwe za urefu unaolingana. Fupi itageuka kamba ya kuzuia ekseli isishuke na itang'oka. Ndefu kupita kiasi itagonga mwisho wake kabla ekseli haijafika kwenye kile kipande cha mpira cha kuzuia.

Sasa ile vali. Hilux nyingi zina vali ya breki ya nyuma inayopima mzigo: fimbo imeshikwa kwenye ekseli, vali iko kwenye chasisi. Ukipakia, chasisi inashuka, vali inaruhusu nguvu zaidi kwenda breki za nyuma. Ukinyanyua gari, vali inadhani umeshusha mizigo yote, inapunguza nguvu. Kanyagio linaweza kubaki gumu kama kawaida, ila mbele ndiko kunakobeba kazi yote. Dawa ni kupandisha kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichonyanyua. Kuna wanaoifunga kwa waya au kuiondoa kabisa. Hapo tairi za nyuma zitafunga kwanza kwenye mvua, gari likiwa tupu, na gari litageuka litazame ulikotoka.

Baada ya hapo: jaribu breki mwendo mdogo, fanya alaimenti, shusha taa za mbele (sasa zinapiga machoni mwa watu), na kaza tena yubolti zote baada ya safari ya kwanza, kisha ukifika kilomita 500 hivi. Majani mapya yanajipanga, yubolti zinalegea, hakuna anayekwepa hilo.

MASWALI

Chuma Chakavu: Mkuu asante. Nimefunga wiki iliyopita, gari linalia kwi kwi kwenye matuta na ni gumu balaa. Niweke grisi gani?

Jibu: Hatua ya 10. Legeza pini zote gari likiwa chini, litikise, kaza upya. Na grisi ya kawaida usiiguse kwenye mpira, inaula.

Chuma Chakavu: Fundi alisema grisi haina shida.

Jibu: Basi muulize fundi.

Mama Difu: Bushi zangu ni za polyurethane, zile ngumu za rangi. Nazo nisubiri gari lishuke?

Jibu: Swali zuri dada. Hizo kazi yake ni tofauti: zinazunguka juu ya mrija, hazijikunji, kwa hiyo hazidhuriki kama za mpira. Bado kaza gari likiwa chini, utaona kama shakoli imekaa pembe nzuri. Na hizo ndizo zinazotaka grisi, ile ya silikoni, kabla ya kufunga. Zikikauka zitalia, ila hapo dawa ni grisi kweli.

Pancha Mbili: Yubolti zangu nyuzi nzima kabisa, kwa nini ninunue mpya?

Jibu: Kwa sababu zimeshavutika. Ukizikaza tena hazishiki kama mwanzo. Soma hatua ya 5.

Pancha Mbili: Hazionekani kama zimevutika.

Jibu: Haya.

Barabara ya Vumbi: Mimi nimenyanyua nyuma tu. Nikifika kama kilomita 70 kwa saa kunakuja mtetemo chini ya kiti, nikiachia mafuta unabadilika. Tairi zimebalansiwa. Naanzia wapi kutafuta?

Jibu: Umeuliza kama mtu aliyelala chini ya gari, safi. Mtetemo unaobadilika ukiachia mafuta mara nyingi ni propela shafti (ile fimbo inayopeleka mzunguko kutoka gia boksi hadi difu). Krosi jointi (kiungo cha msalaba kilicho kila mwisho wa propela) ikifanya kazi kwa pembe, inaongeza na kupunguza mwendo mara mbili kila mzunguko. Krosi ya upande wa pili inafuta huo mchezo, lakini kwa sharti kwamba pembe za pande mbili zilingane. Maana yake uso wa gia boksi na uso wa difu uwe sambamba. Springi mpya ikizungusha ekseli hata nyuzi tatu za pembe, usambamba umekwisha. Pima uso wa gia boksi, pima uso wa difu, kwa kipima pembe au hata simu. Tofauti unaiondoa kwa kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, inapitiwa na senta bolti. Chuma, siyo aluminiamu, hiyo inapondeka. Kama propela yako ni ya vipande viwili, tazama pia beringi ya katikati: wakati mwingine kuishusha kwa washa nene kunatosha na kabari huihitaji.

Barabara ya Vumbi: Nimepima. Gia boksi inaelekea chini nyuzi 3, difu inaelekea juu nyuzi 6. Kabari ya nyuzi 3?

Jibu: Ndiyo, upande wa kuishusha pua ya difu. Kabla ya hapo shika krosi zenyewe uzitikise. Ikiwa moja imekwisha, kabari haitakusaidia.

Kijana wa Turubai: Naweza kuweka bloku kati ya springi na ekseli mbele? Ni rahisi kuliko springi.

Jibu: Hapana.

Kijana wa Turubai: Nyuma je?

Jibu: Nyuma zipo za kiwandani hata, moja, ya chuma, na yubolti ndefu. Kupandanisha mbili hapana. Mbele breki inaizungusha ekseli kwa nguvu sana, na usukani uko hapohapo.

Nyanya Mbivu: Yangu mbele ni tosheni baa (fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi). Nimeambiwa nikaze ile bolti tu gari lipande, eti kazi ya dakika kumi. Mbona halimo kwenye somo?

Jibu: Litapanda kweli. Ila kukaza hakuongezi nguvu ya baa, kunabadilisha mahali mkono unapokaa. Unachochukua juu unakitoa chini: gurudumu linabakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, na mkono wa juu unakaa karibu unagusa mpira wake wa kuzuia. Ndiyo maana watu husema gari limekuwa gumu. Sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha tairi za mbele) nazo zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inachanika. Ishia sentimita 3 hivi, hakikisha mkono wa juu haujalala kwenye mpira gari likiwa tupu, na alaimenti siku hiyohiyo, maana kempa na tou (pembe za kukaa kwa tairi) vyote vimehama. Kabla ya kukaza, weka alama ya rangi kwenye bolti ujue ulikotoka, na jeki iondoe uzito kwanza.

Mzee wa Karavati: Nimefunga kila kitu kwa mpango wako, upande wa abiria uko juu sentimita 2. Springi mbovu?

Jibu: Tazama lebo. Seti nyingi zina springi ya kushoto na ya kulia, moja imenyanyuliwa kidogo kubeba dereva na tangi. Kama seti ilitengenezwa kwa nchi ambazo usukani uko upande mwingine, au umezibadilisha, ndiyo hiyo. Linganisha na vipimo vya hatua ya 1. Ulipima, sivyo?

Mzee wa Karavati: Sikupima.

Jibu: Mzee wangu. Badilisha kushoto na kulia basi, kaza upya gari likiwa chini.

Tairi Saba: Shakoli ndefu nazo? Nimeona za sentimita 5 zaidi.

Jibu: Zitakupa nusu yake, kama 2.5. Na zinaizungusha ekseli, mbele usukani unaanza kutangatanga kwa sababu kasta (pembe inayofanya usukani urudi katikati) imebadilika. Afadhali springi.

Mama Difu: Nyongeza kwa wote: funga kile kikamba cha plastiki cha kubania nyaya kwenye fimbo ya shokapu, kibane kiasi, kisukume mpaka kwenye mwili wake. Nenda barabara mbovu ukiwa na mzigo. Ukirudi kitakuwa pale shokapu ilipofika mwisho. Ndivyo nilivyojua zangu ni ndefu mno.

Jibu: Hii naiongeza kwenye hatua ya 12. Kwenye shokapu iliyofunikwa na bati haifanyi kazi, hapo paka grisi nyembamba kwenye ule mpira wa kuzuia na uangalie kama ekseli imeugusa.

Pancha Mbili: Nimenunua yubolti mpya. Nakaza kwa kipimo gani?

Jibu: Aina gani ya gari, mwaka gani, na yubolti unene gani?