Somo: Kuseti mkondo wa stepa mota kwa draiva ya A4988

Habari wakuu. Draiva (bodi ndogo inayoendesha mota) nyingi za stepa, yaani mota inayozunguka hatua kwa hatua, huungua kwa sababu mtu ameunga kila kitu, akawasha, ndipo akakumbuka ile skrubu ndogo ya potenshiometa, inayoseti kikomo cha mkondo. Skrubu hiyo huguswa kwanza.

Stepa ya NEMA 17, ile ya printa za 3D, ina fezi mbili, yaani koili mbili. Draiva huipa koili volti zote za pawa saplai. Mkondo ukifika kikomo ulichoseti, inakata, inangoja kidogo, inawasha tena, maelfu ya mara kwa sekunde. Mkondo huo inaupima kwa rezista ndogo, moja kwa kila fezi.

Hatua ya 1. Soma maandishi yaliyo juu ya rezista hizo mbili. R100 ni omu 0.1, R068 ni 0.068, R050 ni 0.05. Usiruke hatua hii hata muuzaji akikuapia kwamba bodi zote ni sawa. Hazifanani.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya Vref, yaani volti utakazopima kwenye skrubu: Vref = 8 × omu za rezista × ampea unazotaka. Kwa R100, ampea 1 inataka volti 0.8. Volti hizo hizo 0.8 kwenye R050 zinatoa ampea 2! Mota ikiwa imeandikwa ampea 1.5, bado usikimbilie huko: bila hitisinki (kipande cha chuma cha kupoza), A4988 inahimili takriban ampea 1 kwa kila koili.

Hatua ya 3. Washa zile volti 5 za lojiki (umeme wa chipu yenyewe) tu, si umeme wa mota. Waya mweusi wa mita uende graundi, mwekundu uguse skrubu. Zungusha kidogo kidogo kwa bisibisi ya plastiki hadi mita isome Vref uliyopigia hesabu. Ya chuma ikiteleza inapiga shoti.

Hatua ya 4. Zima. Unga mota, weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na pini za umeme wa mota, kisha washa. Kuanzia hapo usichomoe mota umeme ukiwepo. Koili ikikatwa ghafla hurusha volti za kuua draiva papo hapo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mota yangu imeandikwa volti 2.8, nami nina saplai ya 24. Haitaungua?*
Haitaungua, ndugu, maadamu umeseti mkondo. Hizo 2.8 ni ampea za mota mara omu za koili yake, basi.

*Nimepima waya wa saplai nikapata ampea 0.4, na nimeseti 1. Nimekosea wapi?*
Hujakosea. Mkondo wa saplai si mkondo wa koili. Pima kwa kuunga mita mfululizo na koili moja, umeme ukiwa umezimwa wakati wa kuunga. Ukiwa kwenye hatua kamili (draiva haigawanyi hatua vipande vidogo) utasoma kama asilimia 70 ya kikomo. A4988 ndivyo ilivyoundwa.

*Ikienda kasi inaruka hatua. Niongeze Vref?*
Hapana, ongeza volti za saplai. Koili ya milihenri 3 inahitaji takriban milisekunde 0.25 kufika ampea 1 kwa volti 12, na nusu ya muda huo kwa volti 24. Kwenye kasi kubwa mkondo haukifikii hata kikomo ulicho nacho sasa. Usizidishe volti 35 tu.