Picha ya nyuma ya slaidi: namna ya kuitengeneza ili maandishi yasomeke

Picha nzuri ikiwekwa nyuma ya maandishi, mara nyingi vyote viwili huharibika: picha haina mvuto tena, na maandishi hayasomeki. Sababu ni kwamba maandishi yanataka mahali patulivu, nayo picha imejaa mambo. Kazi yote iliyo hapa chini ni ya kuitafutia picha mahali hapo patulivu bila kuiua. Tutatumia PowerPoint peke yake, na mfano wetu ni picha moja: pantoni ikivuka kati ya Magogoni na Kigamboni, Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Ujue ukumbi kwanza

Ulizia mambo mawili kabla ya kugusa kompyuta: umbo la projekta, na kama ukumbi unafungwa mapazia.

Projekta nyingi za zamani ni za pikseli (nukta za picha) 1024 kwa 768, yaani umbo la 4:3, upana kwa kimo. Ukizirushia slaidi za 16:9, zinatumika safu 576 tu kati ya 768. Robo nzima inabaki tupu juu na chini, na maandishi yanakuwa madogo kuliko ulivyopanga. Ukumbi wa namna hiyo utengenezee 4:3 tangu mwanzo.

La mapazia ni zito zaidi. Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya slaidi ni pale ambapo mwanga haukurushwa, kwa hiyo inachukua rangi ya kitambaa cha kurushia picha kilivyomulikwa na ukumbi wenyewe. Saa 5 asubuhi, kwenye ukumbi wenye madirisha mapana na jua la Dar linaingia, weusi wako unageuka kijivu na picha yote iliyokoza inapotea. Ukumbi wenye giza unataka mandharinyuma iliyokoza na maandishi meupe. Ukumbi wenye mwanga unataka mandharinyuma angavu na maandishi yaliyokoza. Usipopata jibu la uhakika, tengeneza zote mbili. Tofauti yake ni rangi moja tu, kama utakavyoona hatua ya 4.

Hatua ya 2: Picha yenyewe

Laza simu. Picha ya wima ikikatwa kuwa 16:9 inapoteza zaidi ya nusu yake. Pantoni ipange upande wa kulia wa fremu, upande wa kushoto ubaki maji na anga. Hapo ndipo maandishi yatakapokaa. Ukiwa upande wa Magogoni, piga kama saa 10 jioni: jua liko mgongoni kwako, rangi za chombo zinatoka. Saa 6 mchana anga inakuwa nyeupe tupu na nyuso za abiria zinabaki na vivuli.

Unahitaji angalau pikseli 1920 kwa 1080. Simu ya megapikseli 12 inatoa 4000 kwa 3000, inatosha na kubaki. Hatari iko njiani: picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, na ukutani inavunjikavunjika. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya.

Ukichukua picha ya mtu mtandaoni, soma masharti ya leseni yake na uandike jina la mpigaji pale yanapotaka hivyo. Picha inalindwa na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 kama kazi nyingine yoyote ya sanaa.

Hatua ya 3: Faili la kutengenezea

Usianze ndani ya wasilisho lako. Fungua faili jipya, nenda "Design", kisha "Slide Size", kisha "Custom Slide Size". Andika upana sm 50.8 na kimo sm 28.575; kama kompyuta inapima kwa inchi, andika 20 na 11.25. Kwa ukumbi wa 4:3, weka sm 38.1 kwa 28.575. Vipimo hivi vina maana yake: PowerPoint inapotoa slaidi kama picha, kwa kawaida huhesabu pikseli 96 kwa kila inchi. Slaidi ya kawaida ya inchi 13.333 inakupa pikseli 1280 tu kwa upana. Hii ya inchi 20 inakupa 1920.

Chagua slaidi tupu ("Layout", "Blank"). Ingiza picha kwa "Insert", "Pictures". Bofya mshale ulio chini ya "Crop", chagua "Aspect Ratio", 16:9 (au 4:3 kwa ukumbi wa 4:3), kisha ivute kwa pembe mpaka ijaze slaidi. Kwa pembe, si kwa ubavu: ukivuta ubavu pantoni inarefuka na watu wananenepa, na kila aliyemo ukumbini ataona.

Hatua ya 4: Pazia la rangi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakisogeza kitelezi cha "Transparency" cha picha mpaka 60 au 70, wakitumaini maandishi yatatokeza. Kumbe picha inachanganyika na weupe ulio nyuma yake: sehemu zake za giza zinakuwa kijivu, zile za mwanga zinabaki vilevile, na yote inaonekana kama khanga iliyofuliwa mara nyingi. Iache picha na rangi zake zote, kisha utandike pazia juu yake.

Chora mstatili ("Insert", "Shapes") unaofunika slaidi nzima. Bofya kitufe cha kulia cha mausi, "Format Shape", "Gradient fill". Aina iwe "Linear", pembe 0, ili rangi iende kutoka kushoto kwenda kulia. Utakuta vituo kadhaa vya rangi. Ondoa vyote ubaki na viwili.

Kituo cha kwanza: nafasi 0%, rangi ya bluu ya bahari ya usiku (nyekundu 11, kijani 42, bluu 60), "Transparency" 10%.

Kituo cha pili: nafasi 70%, rangi ileile, "Transparency" 100%.

Sisitizo liko kwenye "rangi ileile". Ukiacha kituo cha pili kikiwa cheupe, katikati ya slaidi patatokea ukungu wa maziwa ambao hautaelewa umetoka wapi. Ile 10% nayo usiifute: mawimbi yakionekana kwa mbali chini ya pazia yanaficha ngazi za rangi ambazo projekta dhaifu huzitoa. Mwisho, kwenye "Line" weka "No line", la sivyo utabaki na uzi mwembamba pembezoni.

Kwa toleo la ukumbi wenye mwanga, badilisha rangi ya vituo vyote viwili iwe 255, 250, 240. Basi.

Hatua ya 5: Duara kali juu ya ukungu

Hii si ya lazima, lakini kwa slaidi ya kwanza inapendeza sana. Bonyeza Alt na F10 upate orodha ya vitu vilivyomo. Chagua picha, nakili, bandika. Nakala itakuja juu ya pazia, imesogea kidogo. Irudishe kwa "Align Center" na "Align Middle".

Ukiwa kwenye nakala hiyo, "Crop", "Aspect Ratio", 1:1. Sogeza vishikio vya fremu mpaka viizunguke pantoni, kisha "Crop to Shape", chagua duara. Angalia usiishike picha yenyewe ukaiburuta: itahama ndani ya fremu, na ufukwe ulio ndani ya duara hautaungana tena na ule wa nje.

Sasa rudi kwenye picha ya chini. "Artistic Effects", "Blur", kisha kwenye chaguo zake weka "Radius" 30. Pantoni inabaki kali ndani ya duara, bahari yote inayoizunguka inalainika. Mpaka mweupe wa pointi 6 unatosha. Kivuli kikubwa kinaifanya ionekane kama kibandiko.

Hatua ya 6: Kuipeleka kwenye wasilisho

"File", "Save As", aina ya JPEG, slaidi hii moja tu. Faida yake ni kwamba pazia, ukungu na duara vyote vinakuwa picha moja, na kompyuta ya ukumbini ikiwa na programu nyingine au toleo la zamani, hakuna cha kuvurugika.

Kwenye wasilisho, fungua "View", "Slide Master". Bofya slaidi mama, ile ya juu kabisa, kisha "Format Background", "Picture or texture fill", na uingize picha yako. Ikikaa hapo haitaburutwa kwa bahati mbaya unapohariri maandishi. Slaidi zenye maelezo marefu au jedwali zitengenezee toleo la pili, kituo cha pili cha pazia kikiwa na 25% badala ya 100%.

Maandishi yawe pointi 28 kwenda juu. Fika mapema, bonyeza Shift na F5, nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa, taa zikiwa zimewashwa kama zitakavyokuwa. Mstari usiosomeka kutoka hapo, ongeza pazia kabla ya kuongeza ukubwa wa herufi. Na flashi yako iwe na matoleo yote mawili, kwa sababu mapazia yaliyoahidiwa mara nyingine hayafungi.