Safari moja ya mwaloni, kazi tatu
Kwa anayesoma shahada ya uzamili ya uandishi wa habari hapa Mwanza: ukipewa habari moja uitengeneze kwa gazeti, redio na mtandao, anza na sauti. Nukuu za gazeti utazitoa kwenye rekodi hiyo hiyo, picha unaweza kurudia. Sauti iliyoharibika ndiyo basi tena.

Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, nenda asubuhi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na ukiipiga maiki hunguruma hadi kufunika maneno. Ivalishe sifongo, lipe ziwa mgongo ili mwili wako ukinge upepo, maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji. Mama muuza dagaa akiwa karibu na injini ya boti, muombe msogee pembeni kwanza. Ukichanganya maneno na injini, kila utakapokata sentensi mlio utaruka na msikilizaji atasikia kiraka. Injini irekodi peke yake, sekunde 60 bila kusema neno, uitandaze chini ya maelezo yako baadaye.

Rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyobanwa. Dakika moja ya stirio hula takriban MB 10, hivyo kagua nafasi ya simu mapema. Ukituma kwa WhatsApp, ambatisha kama hati ili sauti isibanwe.

Habari ya gazeti usiisome redioni ilivyo. Cheo na jina vitangulie kauli, na asilimia 53.4 iwe "zaidi ya nusu".