Kabla ya kupakia chombo: mambo ya kuzingatia unapopeleka misaada vijiji vya pwani Pemba

Safari yangu ya kwanza ya kupeleka misaada ilikuwa kusini mwa Pemba, baada ya bahari kuingia kijijini usiku na kuondoka na vyombo vya watu, vyakula na mapaa. Tulibeba viroba 40 vya unga. Tulitoka mapema tukiamini tumewahi, tukafika saa nne asubuhi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Maji yalikuwa yamekauka. Chombo kilikaa juu ya mchanga mbali na ufuko, tukaanza kubeba viroba kichwani, tope likitushika miguu. Kila aliyeteleza, kiroba kilikwenda majini. Mama mmoja aliukusanya unga ulioloa, akautandaza juu ya mkeka, na kuanza kuutenga kwa vidole sehemu iliyoingia chumvi na ile iliyosalimika. Nilisimama pale nikimtazama. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo anza na maji ya bahari, kabla hujanunua hata kilo moja ya mchele. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Wanawake wanaolima mwani hupanga siku yao yote kwa hesabu hiyo. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukiwa unakwenda Kisiwa Panza kupitia Chokocho, au Fundo kutoka Wete, anza hesabu yako kwenye saa ya kushusha mzigo, kisha urudi nyuma mpaka saa ya kupakia. Fika maji yakiwa bado yanajaa. Hapo hata chombo kikigusa mchanga, maji yenyewe yatakinyanyua. Ukifika yanakupwa na chombo kikakwama, utasubiri masaa, na mzigo utashushwa na watu waliochoka ambao hawajala tangu jana.

Pili ni chombo chenyewe na hali ya hewa. Vimbunga havituzoei sana huku karibu na ikweta, lakini visiwa hivi vimewahi kuonja: cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Upepo ukitulia haina maana kwamba bahari imetulia. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha msikilize nahodha wa pale pale unapokwenda, kwa sababu yeye ndiye anayejua mwamba ulipo na mkondo unavyopita. Akisema leo hapana, basi ni hapana, hata kama mwenye fedha za msaada anapiga simu kila nusu saa. Mzigo usizidi, na watu wasipande juu ya mzigo. Mpemba gani asiyeikumbuka tarehe 10 Septemba 2011, pale MV Spice Islander I ilipozama ikiwa imejaza kupita kiasi, ikielekea kwetu? Kila mmoja avae jaketi la kuokolea tangu mnapoondoka, asilikalie kama mto. Andika majina ya wote waliopanda, umwachie mtu wa nchi kavu, na KMKM, kikosi cha ulinzi wa baharini cha Zanzibar, wajue mnakwenda wapi na mnatarajiwa kurudi saa ngapi. Upondo wa kusukumia chombo, plagi za akiba za injini, kata ya kutolea maji yanayoingia chomboni na tochi viwemo hata kama ni safari ya nusu saa.

Halafu mpigie sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Wengi huanza na duka, wakamaliza na sheha. Mimi nakuomba ugeuze. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa na ofisi ya wilaya watakuambia nani ameshakwenda wapi, ili kijiji kilicho karibu na barabara kisipokee mara tatu na kilicho nyuma ya mikoko kisipokee kabisa. Lakini sheha na kamati yake ndio wanaojua kaya ngapi zimeguswa. Uliza kwa kaya, uliza pia wazee wanaoishi peke yao, wajawazito, na watu wasioweza kutembea hadi kwenye mgao. Na uliza swali moja ambalo husahaulika: nani amehifadhiwa na jamaa zake? Waliolala skuli wanaonekana. Waliopokewa na ndugu hawaonekani, na yule ndugu aliyepokea watu wanane naye chakula chake kinakwisha baada ya siku mbili.

Kuhusu kufunga mzigo, nimejifunza jambo moja ambalo sasa siliachi. Polo la mchele la kilo 50 halibebeki ndani ya maji ya magotini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar. Tumia ndoo za lita 20 zenye vifuniko vinavyobana. Ndani weka mchele kilo 10, chumvi, sukari, tende, sabuni ya mche na kiberiti. Ndoo moja, kaya moja. Mtu mmoja anaibeba, ikianguka inaelea au angalau hailoi, na chakula kikisha ndoo inabaki kuhifadhia maji safi. Gharama yake ni kubwa kidogo kuliko kiroba, lakini sijapoteza tena hata kibaba kimoja. Kwa siku mbili za mwanzo watu hawana jiko wala kuni kavu, kwa hiyo tende na biskuti zitangulie, unga ufuate.

Maji ya kunywa yanahitaji umakini kuliko chakula. Mtu mmoja anahitaji lita 3 hivi kwa siku kwa kunywa tu, na lita 15 ukihesabu kupika, kuoga na kufua. Kwa kaya 100 za watu watano watano, hata hizo lita 3 ni tani moja na nusu kila siku. Hakuna boti ya faiba itakayohimili safari hizo. Ndiyo maana tunapeleka madumu matupu, dawa ya kutibu maji na, inapowezekana, tangi la kujazwa kwa utaratibu. Ila bahari ikishaingia kisimani, tahadhari: dawa inaua vijidudu, haiondoi chumvi, na kuchemsha hakuiondoi pia. Mwambie sheha visima vilivyoonjwa vikawa na chumvi vitengwe kwa kufulia, na wasivikaushe kwa pampu kwa pupa, maana vinaweza kuvuta chumvi zaidi kutoka chini. Beba na pakiti za ORS, chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha. Baada ya mafuriko vyoo hufurika, na kipindupindu hakisubiri.

Usibebe maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kugawa tu. Najua yanatolewa kwa huruma, lakini yakichanganywa na maji machafu yanamwua mtoto tuliyetaka kumwokoa. Mama anayenyonyesha apewe chakula yeye. Mtoto asiye na ziwa la kunyonya, mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Kwenye nguo, chukua kanga kwa doti. Mwanamke aliyekimbia usiku na gauni moja anahitaji kujisitiri kabla hajajitokeza kupanga foleni ya mchele, na nguo za mitumba zisizochambuliwa hazimsaidii. Taulo za kike zifungwe ndani ya ndoo kimya kimya, au agawe mwanamke mwenzao. Kwa sababu hiyo hiyo, kundi la kujitolea lisiwe la wanaume watupu. Na kamera ibaki mfukoni wakati wa mgao. Tuna desturi ya kutoa kwa mkono wa kulia bila wa kushoto kujua. Mfadhili akitaka ushahidi, apelekewe orodha yenye saini ya sheha na picha ya ndoo.

Angalia pia saa za swala, na ikiwa ni Ramadhani, shusha mzigo mapema ili watu wapate cha kufuturia siku hiyo hiyo.

La mwisho linahusu kurudi. Chombo kitarudi kitupu, na kijiji hakina chombo tena, kwa sababu vyao vimevunjika. Kabla hujang'oa nanga muulize sheha kama kuna mgonjwa, au mama aliyekaribia kujifungua, wa kupelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani. Sisi huacha godoro moja na turubai chini ya tezi, upande wa nyuma wa chombo, tangu asubuhi, na nafasi mbili ambazo hapandi mtu wakati wa kwenda.