SOMO: Kumodeli joto na gesi kuzunguka taka za nyuklia ardhini

Wakuu, swali la jinsi ya kukokotoa kwa kompyuta joto na gesi kuzunguka taka za nyuklia zilizofukiwa nimelijibu kwa meseji hadi vidole vimechoka. Leo naliandika mara moja. Mfano wetu ni wa aina ya Uswisi: mitungi ya chuma yenye taka, bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa) kuizunguka, kisha mwamba wa mfinyanzi.

1. Chora gridi, yaani gawa eneo lote katika vipande vidogo (seli). Seli ndogo karibu na mtungi, kubwa kadiri unavyokwenda mbali.

2. Weka chanzo cha joto kinachopungua. Sesiamu-137 na stronshiamu-90, vitu vyenye mionzi ndani ya taka vinavyotoa joto, hubaki nusu kila baada ya miaka 30 hivi.

3. Bentonaiti. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitumia upitishaji joto wa udongo uliolowa, wati 1 na kidogo kwa mita kwa nyuzi, tangu mwanzo hadi mwisho. Kumbe joto la mtungi hufukuza maji yaliyo jirani, na udongo ukikauka upitishaji hushuka hata chini ya nusu. Joto linakwama pale pale kwenye mtungi! Modeli ikanipa jibu salama, nikalipeleka kwa msimamizi wangu. Niliporudia kwa usahihi, kilele kilivuka nyuzi 100, kikomo cha joto la bentonaiti walichojiwekea Wafini na Waswidi kwa hifadhi zao za taka. Upitishaji lazima ufuate kiasi cha maji katika kila seli. Tafadhali msiruke hapa.

4. Maji na gesi: kanuni ya Darcy (jinsi mgandamizo unavyosukuma kimiminika au gesi kupitia vitundu vya udongo au mwamba), kila kimoja peke yake. Upenyezaji, yaani urahisi wa udongo au mwamba kupitisha vitu hivyo, uwe kwa mita za mraba.

5. Endesha modeli, ukianza na hatua fupi za muda.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu nitumie faili lako, nina haraka.
— Hapana. Soma hatua ya 3.

Mdau wa Tabata: Nimesoma, si niweke tu wastani?
— Wastani ndio ulioniponza. Nimeshaeleza.

Binti Mbagala: Shikamoo kaka. Gesi inatoka wapi wakati kule chini hakuna hewa?
— Marahaba, swali zuri sana. Chuma hupata kutu hata bila oksijeni: hunyang'anya maji oksijeni yake, haidrojeni ikabaki. Kwanza huyeyuka majini na kusambaa polepole. Ikizalishwa haraka kuliko inavyosambaa, hujikusanya kuwa gesi, mgandamizo hupanda hadi isukume maji kutoka kwenye vitundu vya udongo. Chora mgandamizo huo dhidi ya miaka, utaona yenyewe.

Fundi Kimara: Umeme ukikatika usiku kazi yote inapotea.
— Amuru programu ihifadhi matokeo kila hatua 50, uendelee ulipoishia.

Binti Mbagala: Na hifadhi kwenye diski ya nje, kaka. Yangu ya ndani iliungua.