Kulaza Mabomba ya Maji Taka Katika Udongo Mweusi wa Kisumu

Ukijenga upande wa Nyamasaria au kuelekea Ahero, shughulikia kwanza udongo utakaolibeba bomba, ndipo ununue bomba lenyewe. Udongo mweusi wa pamba huvimba unaponyeshewa na kupasuka wakati wa kiangazi, na bomba lililolazwa juu yake bila tandiko huinuka na kushuka nao hadi maungio yakaachana. Niliwahi kufukua mtaro wa nyumba ambayo choo chake kilikuwa kikizibuliwa kila mara. Tulipolifikia bomba tukalikuta limefanya tumbo katikati, mfano wa kamba ya kuanikia nguo, na ndani ya tumbo hilo uchafu ulikuwa umeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Aliyelilaza alikuwa amelikalisha juu ya mabonge.

Kwa hiyo chimba mtaro zaidi ya kina unachohitaji, uondoe mabonge na mawe, kisha utandaze mchanga au kokoto ndogo zisizopungua sentimita 10 na kuzishindilia. Kwenye kila ungio, fukua kishimo kidogo katika tandiko ili bomba lilale kwa mwili wake wote badala ya kuning'inia kwenye soketi, ile ncha pana inayopokea bomba jingine.

Mteremko ndio roho ya kazi hii. Bomba la choo la milimita 110 hufanya kazi vizuri likishuka sentimita 2.5 kwa kila mita moja, maana yake ni kwamba umbali wa mita 12 kutoka chooni hadi menholi, shimo la ukaguzi lenye mfuniko, unahitaji mshuko wa sentimita 30. Usikadirie kwa jicho. Chukua pima maji ya urefu wa mita moja, ufunge kibanzi cha mbao chenye unene wa sentimita 2.5 chini ya ncha inayoelekea bondeni, kisha uiweke juu ya bomba: kiputo kikikaa katikati, mteremko ni sawa. Rudia kipande kwa kipande, hata kama fundi mwenzako ana haraka ya kufukia.

Panapolazimu kukata kona, tumia kona mbili za digrii 45 badala ya moja ya digrii 90, na ujenge menholi hapo, kwa kuwa uchafu hukwama pale maji yanapogeuka ghafla na mtu atahitaji mahali pa kupitishia waya wa kuzibulia.

Ndani ya nyumba, kila sinki, bafu na choo sharti kiwe na mtego wa maji, ile kona iliyojipinda ambamo maji ya kina cha milimita 50 au zaidi hubaki na kuzuia harufu na mende. Mtego huo hauna nguvu bila bomba la hewa. Choo cha ghorofani kinapovutwa, maji yanayoporomoka katika bomba la wima huvuta hewa nyuma yake, na usipoipatia njia ya juu ya paa, huyanyonya maji ya mtego wa jirani na kuuacha mtupu. Chumba kisichotumiwa kwa wiki kadhaa nacho hukauka mtego, kwa hiyo kimwagiwe maji kidogo.

Nyumba iliyo karibu na mtandao wa maji taka wa KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, na iunganishwe huko kwa idhini ya kampuni, na maji ya paa yasielekezwe humo kamwe. Pasipo mtandao, chimba shimo la majaribio wakati wa masika, ulijaze maji na kuangalia yanavyopungua. Katika udongo mweusi mara nyingi yatasimama tu, na hapo shimo la kunyonya, lile linaloacha maji taka yazame ardhini, halifai. Jenga tangi lisilovuja, litakalonyonywa na gari. Ninasisitiza hili kwa sababu katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda watu wengi huchota visima vifupi, na kinachovuja kwako huishia katika ndoo ya jirani. Shimo la kunyonya likae angalau mita 30 kutoka kisima chochote.

Kabla ya kufukia, ziba ncha ya chini ya bomba, ulijaze maji na kuweka alama ya kimo chake. Yakishuka, kagua kila ungio kwa mkono mkavu hadi upate penye unyevu. Yakitulia, pima umbali wa kila menholi kutoka pembe mbili za nyumba, uandike vipimo hivyo na kuvihifadhi pamoja na ramani ya ujenzi, ndipo umwage mchanga juu ya bomba na kurudisha udongo.