Bomba la jikoni kwenye trela limegoma? Usikimbilie kununua pampu

Wiki jana niliitwa Entebbe na mama mmoja anayekodisha trela za kupigia kambi. Bomba la jikoni lilikuwa kavu, na wageni wanaondoka alfajiri kwenda Ziwa Mburo. Nilimaliza kwa dakika 40. Trela ya kwanza ya namna hiyo ilinila siku nzima, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1. Tangi lina maji? Betri ina chaji? Fyuzi ni nzima? Swichi kuu ya maji imewashwa? Usicheke.

Hatua ya 2. Fungua bomba, tega sikio. Pampu ikinguruma na maji yanachuruzika tu, fungua kichujio cha mdomoni mwa bomba. Huko huwa kumejaa mchanga, au kutu ya maji ya kisima. Loweka kwenye siki, sugua kwa mswaki mkuukuu. Kama pampu ni ile ya kuzamishwa na tangi lilikuwa limekauka, itikise ndani ya maji mpaka mapovu yaishe.

Ikiwa inanguruma yenyewe usiku na bomba limefungwa, hiyo ni pampu ya presha, ile inayojiwasha yenyewe presha ya maji ikishuka, na kuna mahali panavuja. Anza na wasa ya bomba.

Pampu ikiwa kimya kabisa, soma hatua inayofuata polepole.

Hatua ya 3. Trela nyingi zilizotoka Ulaya zina swichi ndani ya bomba lenyewe. Ni kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukifungua bomba kinabonyezwa, na umeme wa volti 12 unaiamsha pampu. Mimi sikulijua hilo. Nilibadilisha pampu, kimya. Nikavuta waya mpya kutoka kwenye betri, kimya. Jua linazama ndipo nikalala chali chini ya sinki nikaona waya mbili nyembamba zikipanda kwenye shina la bomba. Bomba la maji, lina waya!

Kwa hiyo chomoa waya hizo kwenye viunganishi vyake, kisha gusanisha mbili zinazotoka upande wa pampu na betri, si zile zinazoning'inia kwenye bomba. Pampu ikinguruma, swichi imekufa. Lakini kuwa na hakika ni waya za swichi. Ukigusanisha chanya na hasi ya betri utaunguza fyuzi, na kama kuna mjanja aliyeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, utanusa moshi. Gusanisha sekunde chache tu, na pampu iwe ndani ya maji; ikizunguka kavu inaungua.

Bado kimya? Pima umeme kwenye pampu kwa testa huku waya zimegusanishwa. Umeme ukifika nayo haizunguki, hapo sasa kanunue pampu.

Kabla ya kufunga swichi mpya, itazame ya zamani. Ikiwa na ukungu wa kijani, maji yaliingia, maana yake mpira wa duara kwenye shina la bomba umelika. Badilisha mpira kwanza, la sivyo swichi mpya itakufa vilevile. Na tafadhali, usijaze silikoni humo. Nimekuta kitufe kimegandishwa na silikoni, pampu inazunguka usiku kucha.

Hatua ya 4. Swichi ya bomba haipatikani kirahisi hapa Uganda. Mimi hufunga swichi ya kawaida ya gari, ya ampea 10, kando ya sinki. Unafungua bomba, unawasha. Ukimaliza unazima kwanza, ndipo unafunga bomba. Wengine hukimbilia Nakasero, Kampala, kununua bomba la nyumbani linalong'aa. Zuri, ila halina swichi, na pampu itajuaje kwamba unataka maji? Labda trela yako iwe na pampu ya presha. Hapo bomba la nyumbani ndilo ningelichagua, vipuri vyake viko kila mji.

Hatua ya 5. Rudisha kila kitu. Nati ya plastiki kaza kwa mkono, spana iache kwenye boksi. Tandaza karatasi ya chooni chini ya viungio, fungua maji dakika 5. Karatasi ikilowa, kaza tena.

Mama wa Entebbe alipoona maji alinyamaza kidogo, kisha akachomoa boksi chini ya kiti. "Fundi, na hii pampu niliyonunua jana?" Nikamwambia aiweke akiba.